Ukitaka nyumba ya mwalimu iingie kwenye bajeti, anza kabla ya Krismasi

Mwaka wa kwanza nilipochaguliwa kwenye kamati ya shule, nilisimama kudai nyumba ya mwalimu mwezi wa sita. Mtendaji wa kata alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa upole, "Mama, bajeti ilishakwenda Dodoma." Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, nasi tunaposikia bajeti ikisomwa redioni mwezi Juni tunadhani ndiyo kwanza inapangwa. Kumbe imekwisha. Nawaandikia wenzangu wa kamati za shule huku Iringa, Njombe na Mbeya, msije mkapoteza mwaka mzima kama mimi.

Hesabu miezi kwa kurudi nyuma. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili. Madiwani kwa kawaida hupitisha bajeti ya halmashauri mwanzoni mwa mwaka, Januari au Februari. Kabla yao lazima Kamati ya Maendeleo ya Kata iwe imekaa, na kabla ya kata, mkutano mkuu wa kijiji, au wa mtaa kwa walio mjini. Kwa hiyo hoja yako isemwe Oktoba au Novemba, wakati ambao watu wako mashambani wanasubiri mvua na hakuna anayetaka kukaa kikaoni. Nenda hivyo hivyo. Kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo, na ule wa kijiji unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu.

Usingoje "mengineyo". Hapo watu wameshaanza kusimama na kukung'uta khanga. Nenda kwa mtendaji wa kijiji wiki mbili kabla, mwombe jambo lako liwe ajenda yenye namba yake.

Kabla ya kusema, hesabu. Mimi na mwalimu mkuu tulizunguka shule na daftari: walimu saba, nyumba mbili. Kipimo cha serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba cha darasa, na tundu moja la choo kwa wasichana 20 au wavulana 25. Pima shule yako kwa hivyo. Kisha tukaenda kwenye boma la nyumba ambalo wazazi walilijenga kwa nguvu zao. Lilikuwa limefika kwenye linta na kusimama hapo. Mvua ilikuwa inakula udongo katikati ya matofali, na kozi ya juu mtu alikuwa ameifunika nailoni na kuikandamiza kwa mawe. Wakati huo mwalimu wa darasa la pili alikuwa amepanga chumba senta. Alikuja kwa miguu asubuhi kwenye ukungu, sketi imelowa hadi magotini, na wawili kabla yake walishaomba uhamisho kwa sababu hiyo hiyo.

Kikaoni nilisoma haya, neno kwa neno:

"Ndugu Mwenyekiti, naomba iandikwe kwenye muhtasari. Boma la nyumba ya mwalimu limefika kwenye linta kwa nguvu za wananchi. Tunaomba halmashauri itenge fedha za kupaua, milango na madirisha. Kijiji kitatoa mchanga, mawe na maji."

Kilichopo, kinachokosekana, tutakachotoa. Halmashauri hupewa ukomo wa bajeti, kwa hiyo kuingiza kimoja ni kuondoa kingine, na boma lililosimama ni rahisi kulitetea kuliko kiwanja kitupu. Ombeni kitu kimoja. Kwetu wengine walitaka uzio, wengine choo cha wasichana, na tulibishana hadi jua likazama.

Jua pia fedha unayoiomba inatoka wapi. Ruzuku ya shule ya msingi, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ni ya uendeshaji, haijengi nyumba. Nyumba itatoka serikali kuu au mapato ya ndani ya halmashauri: leseni, masoko, ushuru wa mazao, yaani viazi vyetu na chai yetu. Asilimia 10 ya mapato hayo ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, msiiguse. Na mkikubaliana kuchanga, mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi wake hajatoa. Elimu bila ada imekuwapo tangu Januari 2016, na hilo nalisema kwa nguvu kila kikao.

Baada ya mkutano omba kuuona muhtasari. Mara ya kwanza hoja yetu iliandikwa "changamoto za elimu" tu. Nilikaa na mtendaji tukairekebisha kabla haijapanda kata. Mpe diwani nakala mkononi, maana ndiye mwenyekiti wa kamati ya kata na ndiye atakayesimama kwenye baraza.

Vikao vya baraza la madiwani viko wazi. Huruhusiwi kuchangia, ila unakaa nyuma na kusikiliza. Nilipanda Coaster alfajiri, nikakaa na daftari langu hadi likasomwa jina la kijiji chetu na "ukamilishaji wa boma la nyumba ya mwalimu". Niliandika na kiasi, kwa sababu kutengwa si kupokelewa. Tangu Julai, kila mkutano wa mapato na matumizi, niliuliza swali moja: fedha ile imeingia? Niliuliza mara tatu. Ya nne, bati zilikuwa zimeshushwa ofisi ya kijiji.

Ajenda ya Oktoba hii nimeshaipeleka. Ni choo cha wasichana.