Deraya ya Jukwaani kutokana na Bomba la PVC

Kikundi cha maigizo kinachotaka kumvika Lwanda Magere, shujaa wa ngano za Waluo aliyesemekana kuwa na mwili wa jiwe, kifua chake hicho hakina haja ya kuagiza plastiki ya bei ghali, kwa kuwa bomba la maji taka la inchi 4 la PVC, yaani plastiki ngumu ya mabomba, linalopatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Kisumu, likipasuliwa kwa msumeno upande mmoja na kukunjuliwa kwa joto, hutoa bamba lenye upana wa sentimita 34 hivi.

Chora kwanza kiolezo kwenye kadibodi, kisha umpimie mwigizaji akiwa ameketi na akiwa ameinua mkono kama wa kurusha mkuki, maana hapo ndipo ukingo humdunga kwapani. Unapokihamishia kwenye bomba, urefu wa bomba ufuate urefu wa kiwiliwili. PVC ikipata joto tena huelekea kurudia umbo lake la mviringo, na ni afadhali mviringo huo uzikumbatie mbavu kuliko ushindane nazo.

PVC huanza kulainika kwenye nyuzijoto 80 hivi. Maji ya Kisumu, mji ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, huchemka yapata nyuzi 96, nayo yanatosha kwa vipande vya mabega na mikono bila hatari ya kuviunguza. Kifua kisichoenea sufuriani kitahitaji bunduki ya hewa moto, ambayo lazima izungushwe bila kutulia, kwani plastiki inayobadilika kuwa kahawia imeanza kutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inayochoma macho na mapafu. Fanya kazi hii nje; moto wa jiko usiiguse plastiki kabisa.

Kipande kikilegea na kuanza kuning'inia, kishike kwa glavu nene, ukilaze juu ya gunia lililoshindiliwa mchanga mkavu kwa umbo la kifua, kamwe si juu ya mtu, kisha ukikandamize kwa kitambaa chenye maji baridi. Usikiachilie kikiwa na uvuguvugu, la sivyo kitajikunja.

Piga msasa hadi mng'ao uishe, ufute vumbi, ndipo upake rangi. Vumbi la mbao lililochanganywa na gundi ya mbao huleta mkwaruzo wa jiwe. Matundu ya kamba yakae sentimita moja au zaidi kutoka ukingoni ili yasipasuke, na vipande vya tyubu ya baiskeli vitafaa kuliko kamba ya katani, kwa kuwa hunyumbuka mwigizaji anapovuta pumzi.