Kupata picha halali za ukurasa wako wa biashara, hatua kwa hatua

Nimetoka kumsaidia kijana wa Chake Chake, Pemba, anayepeleka wageni kisiwa cha Misali na msitu wa Ngezi. Ukurasa wake ulijaa picha "za Google". Google haina picha, inakuonyesha tu zilipo. Zanzibar tuna sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2003, mbali na ile ya Bara, na picha ina mwenyewe hata kama haikuandikwa jina.

Hatua ya 1. Tumia picha zako mwenyewe. Simu inatosha, piga asubuhi maji yakijaa.

Hatua ya 2. Ukikosa, ingia Wikimedia Commons, ghala la mtandaoni la picha zilizoruhusiwa kutumiwa. Mimi huanzia huko kwa sababu hawapokei picha zinazokatazwa kwa biashara.

Hatua ya 3. Soma leseni, yaani ruhusa ya mwenye picha na masharti yake. Nyingi ni za Creative Commons, kwa kifupi CC. CC0 haina sharti. CC BY, taja mpiga picha. CC BY-SA, mtaje, na ukiigeuza picha uitoe kwa leseni ileile. Kwengineko ukiona NC, yaani isitumike kwa biashara, iache, maana kutembeza wageni ni biashara.

Hatua ya 4. Hakikisha aliyeiweka ndiye aliyeipiga. Hapa ndipo jioni yetu nzima ilipokwisha, kwa picha moja tu ya Misali. Leseni ya mtu asiye mwenye picha haikulindi hata kidogo. Ipeleke picha TinEye, tovuti inayotafuta picha ileile ilipowahi kuwekwa mtandaoni, upange matokeo kuanzia ya zamani kabisa. Ikitokea kwenye tovuti ya hoteli au mpiga picha kwa jina jengine kabla ya kufika Commons, achana nayo. Lakini tarehe ile ni ya siku TinEye ilipoiona kwanza, si siku ilipopigwa. Na isipoonekana TinEye, usishangilie bado: jaribu Google Lens, ambayo nayo hutafuta kwa picha, kwani wengine huipindua picha au hukata pembe yenye jina. Kisha teremka chini ya ukurasa wa Commons utazame taarifa za kamera. Picha ndogo, haina taarifa, na mwekaji ana picha za kamera kumi tofauti? Mimi siigusi. Taarifa zikikosekana peke yake si ushahidi wa wizi, maana WhatsApp huzifuta. Ukiridhika, piga skrinishoti ya ukurasa wenye leseni, uihifadhi pamoja na tarehe. Leseni hizi haziondolewi baada ya kutolewa, lakini ukurasa unaweza kufutwa, nawe ukabaki huna cha kuonyesha.

Hatua ya 5. Andika chini ya picha: jina la mpiga picha, Wikimedia Commons, leseni ya picha hiyo (mfano CC BY-SA 4.0), na viungo vyake. "Picha kwa hisani ya mtandao" haimtaji mtu wala haikupi ruhusa.

Hatua ya 6. Picha isiyo na leseni, omba kwa maandishi: "Assalamu alaykum, naomba kutumia picha yako hii kwenye ukurasa wangu wa kutembeza wageni. Nitaandika jina lako. Malipo ni kiasi gani?" Uliza malipo. Vijana wetu wenye kamera wanaishi kwa kazi hiyo. Asipojibu, usiitumie.

Na kama ni picha ya mama anayevuna mwani Paje, ruhusa ya mpiga picha si ruhusa ya mama. Muulize mwenyewe, au chagua picha isiyoonyesha uso.