Kabla Nyumba Haijapatwa na Dharura, Anza na Funguo

Mimi ni fundi umeme, na mara nyingi naitwa moto ukishapita. Nikiwa nakagua nyaya, wenye nyumba husimama pembeni wakieleza yaliyowapata, na majuto yao hufanana: "Tulikuwa tunasema tutafanya wikendi." Wengi wanajutia vitu vidogo ambavyo havikuhitaji hata hela. Kwa hiyo kabla hujafikiria mtungi wa kuzimia moto, maliza haya.

Funguo kwanza. Nondo za dirishani na kufuli la mlango vinamzuia mwizi, lakini usiku wa moto vinakufungia wewe. Kila ufunguo wa kutokea uwe na msumari wake karibu na mlango, mahali ambapo mkono wa aliye nje haufiki lakini mtoto wa nyumbani anafika. Usiuweke kwenye shada moja na funguo za gari, maana siku gari likitoka na huo utakuwa umetoka. Kisha jaribuni. Zimeni taa zote usiku, na kila mmoja atoke kitandani akafungue mlango kwa kupapasa, wazee na watoto pia. Hapo ndipo utajua kufuli limeshika kutu, funguo mbili zinafanana mkononi, au kuna meza katikati ya njia. Tia kufuli mafuta, funga uzi kwenye ufunguo sahihi, sogeza meza. Na kama chumba cha kulala kina dirisha lenye nondo zisizofunguka, mwite fundi wa kuchomelea akate sehemu yake, aiwekee bawaba na komeo la ndani. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa kuwa moshi huwamaliza watu kabla moto haujawafikia.

Moshi hupanda, kwa hiyo tambaeni. Hewa yenye nafuu iko karibu na sakafu. Mlango uliofungwa uguse kwanza kwa mgongo wa kiganja, na ukiwa wa moto tafuta njia nyingine. Ukitoka, ufunge nyuma yako. Kubalianeni mapema mtakutana wapi nje, ili asitokee mtu wa kurudi ndani kumtafuta ambaye ameshatoka.

Halafu meni swichi, yaani swichi kuu ya umeme wa nyumba nzima. Nimekuta nyumba nyingi ambazo boksi la umeme limezibwa na kabati, na anayejua kulizima ni mtu mmoja, ambaye mchana hayupo. Ondoa kabati. Bandika karatasi inayoonyesha kila breka (swichi ndogo ndani ya boksi, inayojizima umeme ukizidi) inahudumia chumba gani, na kila mtu mzima azime na kuwasha kwa mkono wake mwenyewe. Breka inayojizima mara kwa mara inakuonya. Ukibadilisha ukaweka kubwa zaidi, joto litahamia kwenye nyaya zilizo ukutani, na huko huzioni. Naomba sana usikubali fundi akufanyie hivyo.

Jikoni, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa sakafuni. Ukisikia harufu yake usiguse swichi yoyote, hata kwa kuzima taa, maana cheche moja inatosha. Funga mtungi kama unaufikia salama, fungua milango na madirisha, toeni watu, na simu ipigwe kutoka nje. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira. Mapovu yakiumuka, inavuja. Mafuta ya kukaangia yakishika moto, zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko na uache hadi ipoe kabisa. Maji hapana, kwani yanageuka mvuke papo hapo na kurusha mafuta yanayowaka. Aliyeungua mwagie maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na siagi ziacheni.

Umeme ukikatika, jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka milangoni na madirishani, na jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala. Vyote hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki.

Maji ya akiba ni rahisi: lita 4 kwa mtu kwa siku, siku 3. Familia ya watu watano ni lita 60, katika vyombo safi vyenye vifuniko. Dawa za mgonjwa wa kila siku zisisubiri kuisha ndipo zifuatwe. Vyeti na hati viwe kwenye bahasha moja ya plastiki, na picha zake zitume kwa ndugu anayeishi kwingine.

Mwisho, namba za simu. Ziandike kwa kalamu, kwa herufi kubwa: zimamoto, gari la wagonjwa, jirani mmoja na ndugu mmoja. Nakala moja ibandikwe nyuma ya mlango, nyingine iingie kwenye begi la shule la mtoto, maana simu ikiisha chaji hakuna anayekumbuka namba ya mwenzake.