Pawatila Moja, Kazi Mbili: Kutia Mbolea na Kusomba Majani katika Shamba la Tumbaku ya Mvuke

Mkulima wa tumbaku ya mvuke, yaani tumbaku inayokaushwa kwa hewa ya moto, wa Urambo, Kaliua, Sikonge au Chunya hapa Tanzania hukutana na taabu kubwa mara mbili katika msimu mmoja. Ya kwanza huja mara tu baada ya kupandikiza miche, anapolazimika kuinama kwenye kila shina, akipima mbolea kwa kisoda, katika ekari yenye mashina zaidi ya 6,700. Ya pili huja wakati wa kuvuna, majani mabichi yanapobebwa kichwani au begani kutoka shambani hadi kwenye bani, jengo la kukaushia tumbaku, siku baada ya siku, kwa wiki kadhaa mfululizo. Kwa kuwa kazi hizi hazigongani katika kalenda, mashine moja yenye vifaa vya kubadilisha inaweza kuzihudumia zote mbili, na kwa mashamba ya ukubwa wa kwetu mashine inayofaa ni pawatila, yaani trekta dogo la magurudumu mawili linaloongozwa kwa mikono, ya nguvu za farasi 12 hadi 15, yenye jembe la kupandisha matuta, kasha la mbolea lenye mirija miwili, na trela.

Ni vema kueleza mapema jambo ambalo pawatila haitalifanya. Nchini Marekani, hasa katika jimbo la North Carolina, zipo mashine ndefu zinazopita juu ya mstari wa tumbaku na kung'oa majani ya chini kwa mipira inayozunguka. Mashine hizo zinahitaji mashamba mapana, tambarare, yaliyoiva kwa usawa, pamoja na mabani makubwa yanayoweza kupokea mzigo wa siku nzima kwa mpigo. Mkulima wa ekari mbili au tatu hana sababu ya kuzitamani. Kwake yeye kuchuma kutabaki kuwa kazi ya jicho na mkono, na mashine itachukua kazi ya kubeba.

Kazi huanzia kwenye matuta

Wengi hununua kasha la mbolea kwanza na kufikiria matuta baadaye, na hapo ndipo fedha zao hupotelea. Mashine haina macho: matuta yakiwa na nafasi ya sentimita 100 hapa na 130 pale, mrija utamwaga mbolea juu ya shina upande mmoja na katikati ya mfereji upande wa pili. Kwa hiyo matuta yapandishwe kwa pawatila ileile itakayotia mbolea, kwa nafasi isiyobadilika ya sentimita 120 kutoka kilele hadi kilele, na mstari wa kwanza uongozwe na kamba iliyofungwa kwenye vigingi, kwa sababu kosa la mstari wa kwanza hurithiwa na mistari yote inayofuata.

Kisha pima upana wa pawatila yako kutoka ukingo wa nje wa tairi moja hadi ukingo wa nje wa tairi la pili. Ikiwa kipimo ni sentimita 80 na unapita katikati ya mfereji, kila tairi litakuwa sentimita 20 kutoka kwenye mstari wa miche, nafasi inayotosha wakati miche bado midogo. Kipimo kikizidi hapo, sogeza magurudumu ndani kwenye ekseli kabla hujaingia shambani. Usiingie pia udongo ukiwa umelowa chepechepe. Hata udongo wetu wa kichanga wa Tabora hushindiliwa na tairi, na mizizi michanga huumia.

Jambo la pili linalopaswa kuamuliwa wakati huu ni njia za kuvunia. Baada ya kila matuta manane, acha tuta moja bila kupandishwa, upate njia ya mita 2.4 ambamo trela litapita msimu wote. Wapo watakaoona kwamba kuacha tuta moja katika kila matuta tisa ni kutupa ardhi, na kwa mwenye ekari moja iliyo jirani na bani hoja hiyo ina uzito. Lakini kwa mwenye shamba refu, lenye bani lililo mbali, naamini njia hizo hulipa gharama yake, kwa kuwa mchumaji aliye katikati ya matuta manane huvuka matuta manne tu kufikia trela badala ya kutembea na mzigo hadi mwisho wa shamba.

Kupima kasha la mbolea

Mbolea ya kupandia inayotumika sana katika tumbaku ya mvuke ni NPK 10:18:24 (yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu), na ya kukuzia ni CAN, mbolea ya nitrojeni yenye kalsiamu. Kiwango sahihi hutokana na kipimo cha udongo na ushauri wa ofisa ugani wako. Hapa nitatumia mifuko minne ya kilo 50 ya NPK na mfuko mmoja wa CAN kwa ekari kama mfano wa hesabu.

Ekari moja ina takriban mita za mraba 4,047. Ukigawa kwa mita 1.2, unapata tuta lenye urefu wa jumla wa takriban mita 3,370. Kilo 200 za NPK zikigawanywa kwa urefu huo, kila mita ya tuta hupata gramu 59 hivi, yaani karibu gramu 30 kwa kila shina pale mashina yanapopishana kwa sentimita 50. Kwa kuwa pawatila inapita katika kila mfereji na kumwaga upande mmoja wa tuta la kushoto na upande mmoja wa tuta la kulia, kila mrija unatakiwa kutoa nusu tu ya kiwango hicho.

Sasa pima mita 50 kwenye ardhi inayofanana na shamba lenyewe, funga mfuko safi kwenye mdomo wa kila mrija, tia mbolea hadi nusu ya kasha, na uendeshe kwa gia na mwendo uleule utakaotumia kazini. Pima kilichoingia katika kila mfuko. Kila mmoja uwe na kilo moja na nusu hivi, na yote miwili kilo tatu. Ukipungua au kuzidi, rekebisha lango la kasha na urudie, hata ikiwa mara tano. Mrija mmoja ukitoa zaidi ya mwenzake, tatizo huwa ni lango lililopinda au mbolea iliyoganda, na lisahihishwe kabla ya kuendelea. Kwa CAN, mita hizo 50 zitoe jumla ya gramu 740, yaani gramu 370 kwa kila mrija.

Zipo aina mbili za makasha na tofauti yake ni kubwa. Lile ambalo kigawio chake, yaani sehemu inayotoa mbolea, kinazungushwa na gurudumu linalogusa ardhi hutoa kiasi kilekile kwa mita hata mwendo ukibadilika. Lile linalomwaga kwa uzito wa mbolea yenyewe kupitia tundu hutoa nyingi dereva anapopunguza mwendo na kidogo anapokaza. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, au unamwagiza fundi wa kuchomelea akutengenezee, chagua la kwanza.

Aliyeacha njia za kuvunia hana tena mita 3,370 za tuta bali mita 3,000 hivi, na mbolea yake ya NPK ishuke hadi takriban kilo 177 kwa ekari. Kumimina mifuko yote minne kwenye matuta machache ni kosa ambalo adhabu yake hutokea baadaye: nitrojeni ikizidi, majani hubaki ya kijani muda mrefu, huchelewa kuiva, na ndani ya bani hukataa kubadilika rangi vizuri.

NPK itiwe ndani ya wiki mbili za kwanza baada ya kupandikiza, na CAN kwenye wiki ya tatu hadi ya nne, kabla majani hayajafunga mfereji. Chuma cha kuchimbia kikae sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye shina na kishuke kiasi cha sentimita 10, kisha udongo urudi kufunika mbolea. Kwenye njia pana pita mara mbili, kila mara ukiwa umefunga mrija usio na tuta jirani. Mbolea isilale ndani ya kasha hata usiku mmoja, kwa maana CAN hunyonya unyevu wa hewa na asubuhi utakuta bonge linaloziba kila tundu.

Kugeuza mashine kuwa ya mavuno

Miche ikishafunga mfereji, kasha hufunguliwa na pawatila haiingii tena kati ya matuta. Osha kasha, mirija na fremu kwa maji mengi, kausha, na paka mafuta sehemu za chuma, kwa kuwa masalio ya mbolea hula chuma haraka.

Trela lisafishwe kwa uangalifu wa pekee. Likiwa lilibeba chumvi, lioshwe hadi mbao zake zisiwe na ladha yoyote, kwa sababu klorini iliyo ndani ya chumvi huharibu uwezo wa jani kuungua vizuri, na ndiyo maana tumbaku haipewi hata mbolea ya potasiamu yenye kloridi. Usitandike viroba vya plastiki. Nyuzi zake hujichanganya na majani na kufika hadi kwenye mtumba, yaani robota la tumbaku iliyofungwa kwa ajili ya kuuzwa. Tandika magunia ya katani au kitambaa cha pamba. Hakikisha pia hakuna dizeli wala oili inayodondoka, maana harufu yake haitoki kwenye jani hata likaushwe vipi.

Wachumaji huanza na majani ya chini, mawili au matatu kwa kila shina, na kurudi baada ya wiki moja hivi. Jani lililoiva hupauka kuelekea unjano, mshipa wake wa kati huwa mweupe, na huvunjika kwa mlio mkavu likisukumwa chini. Yapangwe kwenye trela vikonyo vikielekea nje, na mzigo usizidi kimo cha sentimita 60, kwa kuwa majani mabichi yaliyorundikwa huchemka yenyewe kwa ndani. Egesha trela kivulini, na usichume zaidi ya kile ambacho bani lako linaweza kupokea siku hiyo. Urahisi wa kubeba usikushawishi kuchuma majani ambayo hayajaiva ili tu trela lijae.

Usalama wa dereva na wachumaji

Dereva wa pawatila yenye trela lazima ajue jambo moja kabla hajakabidhiwa mzigo. Kwenye tambarare, kubana klachi ya kushoto huielekeza mashine kushoto. Kwenye mteremko, mzigo unapoisukuma pawatila kutoka nyuma, klachi hiyohiyo ya kushoto huipeleka kulia. Madereva wengi wameingia korongoni kwa kutolijua hilo. Kwenye mteremko tumia gia ndogo, usiguse klachi za kukatia kona, geuza kwa nguvu ya mikono kwenye usukani, na usikubali mtu yeyote, hasa mtoto, apande juu ya majani.

Majani yaliyolowa umande au mvua hutoa nikotini inayopenya kwenye ngozi na kuleta kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu. Subirini umande ukauke, vaeni mikono mirefu na glavu, na aliyelowa abadilishe nguo na aoge kwa sabuni. Watoto na wajawazito wasichume.

Pawatila ikimilikiwa kwa pamoja na wanachama wa chama cha msingi cha ushirika, udongo ulioganda kwenye matairi na majembe husafirisha minyoo fundo, minyoo midogo sana ya udongoni inayovimbisha mizizi, kutoka shamba moja hadi jingine. Mashine ikwanguliwe na kuoshwa kabla ya kutoka katika kila shamba, na ratiba ipangwe ili mashamba yenye mizizi iliyovimba mafundo yahudumiwe mwisho, baada ya yale safi.