Namna ya Kusikiliza Riwaya Tulivu za Upelelezi Huku Mikono Ikiwa Kazini

Riwaya tulivu ya upelelezi ni ile ambayo maiti hupatikana mapema, damu haimwagiki mbele ya macho yetu, mpelelezi si askari bali ni mama mtu mzima, padri au mwenye duka, na mambo yote hutendeka katika mji mdogo ambao kila mtu anamjua mwenzake hadi alichopika jana. Mkaaji wa Lamu hahitaji kuelezwa sana hali hiyo, kwani anayekohoa mtaa wa Mkomani hupewa pole mtaa wa Langoni kabla hajafika dukani kununua dawa. Raha ya riwaya hizi hutokana na ahadi moja ambayo mwandishi huitoa tangu mwanzo, nayo ni kwamba kabla ya sura ya mwisho kwisha, kila kilichovurugwa kitarudishwa mahali pake na kila swali litapata jibu. Msikilizaji aliyeiamini ahadi hiyo hutulia, na aliyetulia ndiye anayesikia vizuri.

Mimi ni mshona kofia, na kwa kuwa kofia moja ya mkono huchukua miezi hadi ikamilike, masikio yangu yamepata nafasi kubwa ya kujifunza kazi hii nyingine. Ninaandika hatua hizi kwa wale ambao wamejaribu kitabu cha sauti, wakapotea katika sura ya pili kwa wingi wa majina, wakakiacha.

Hatua ya kwanza: Chagua kazi ya mikono kabla ya kuchagua kitabu

Mtu akisikiliza bila kufanya lolote, macho yake hutafuta la kufanya, na mara nyingi hulipata kwenye kioo cha simu. Kwa hiyo ipe mikono kazi, lakini iwe kazi ambayo imekwisha kuzoeleka na haidai hesabu. Katika kofia, hatua ya kuchora nakshi kwenye kitambaa haifai kabisa, kwa sababu akili yote iko kwenye mstari. Kushona pembezoni mwa matundu, ambako mkono hurudia jambo lilelile kutwa nzima, ndiko kunakofaa. Kusuka ukili kunafaa, kuchambua mchele kunafaa, kukunja nguo kunafaa. Kukuna nazi hakufai, kwa kuwa mlio wa mbuzi hufunika maneno, na kukaanga mahamri hakufai kwa sababu mbili, ya kwanza ikiwa ni mlio wa mafuta na ya pili ikiwa ni kwamba mpelelezi huweza kutaja jambo zito wakati ambapo kidole chako kiko karibu na karai.

Hatua ya pili: Anza na hadithi fupi

Sikio lisilozoea halibebi saa nane za kisa kimoja. Baroness Orczy, mwandishi aliyezaliwa Hungaria na kuandika kwa Kiingereza, alianza kuchapisha gazetini mwaka 1901 visa vya mzee mmoja ambaye hukaa pembeni katika mkahawa wa chai mjini London na kufumbua mauaji bila kuondoka kitini, huku vidole vyake vikifunga na kufungua mafundo ya kipande cha uzi. Kila kisa ni kifupi, watu ni wachache, na mzee mwenyewe humweleza mambo kwa utaratibu mwandishi wa habari wa kike aliyeketi naye, jambo ambalo humsaidia sana anayesikiliza. Kasoro yake, kwa maoni yangu, ni kwamba mzee huyo hajali kama mhalifu atakamatwa, na kwa hiyo ile ahadi niliyoitaja huitimiza nusu tu.

Baada ya hapo nenda kwa G. K. Chesterton, ambaye mwaka 1911 alitoa mkusanyo wake wa kwanza wa hadithi kumi na mbili za Padri Brown, kasisi mfupi, mpole, mwenye mwavuli, ambaye huwafahamu wahalifu kwa sababu amesikiliza maungamo ya watu kwa miaka mingi. Kiingereza chake ni kizito zaidi kwa sikio, basi usianze naye. Ukishazoea, ingia kwenye riwaya ndefu. Anna Katharine Green wa Marekani alimwumba Amelia Butterworth mwaka 1897, mwanamke mtu mzima asiyeolewa, mwenye kujiheshimu, ambaye usiku wa manane alichungulia dirishani mwake akaona mwanamume na mwanamke wakiingia nyumba ya jirani, na asubuhi yule mwanamke akakutwa amekufa. Wapelelezi wanawake watu wazima tuliowajua baadaye katika riwaya za Kiingereza wana deni kwake, na mimi humpenda kwa kuwa hakubali hata mara moja kwamba yeye ni mdaku.

Waandishi hawa watatu walifariki miaka ya 1947, 1936 na 1935 kwa utaratibu huo, na kwa kuwa sheria ya Kenya hulinda hakimiliki ya maandishi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, unaweza kusikiliza na kuwagawia wenzako vitabu hivyo bila wasiwasi.

Hatua ya tatu: Pima sauti ya msomaji

Hapa ndipo ninapokuwa mkali kuliko wenzangu wengi. Riwaya ya wastani iliyosomwa vizuri itakupendeza kuliko riwaya bora iliyosomwa vibaya, maana sauti ya msomaji ndiyo utakayoishi nayo kwa siku kadhaa ndani ya nyumba. Sikiliza dakika tano za mwanzo kabla ya kupakua kitabu kizima, ukijiuliza mambo haya: je, anapumua mahali ambapo sentensi inapumua; je, unaweza kutambua ni nani anayesema bila yeye kuigiza kwa kupiga kelele; je, mwisho wa sentensi anaumeza au anauacha usikike? Msomaji anayemeza mwisho wa sentensi hafai kabisa kwa upelelezi, kwa kuwa huko ndiko waandishi hupenda kuficha vidokezo.

Mradi wa LibriVox, ulioanzishwa mwaka 2005, hutoa bure vitabu vilivyosomwa na watu wa kujitolea, vyote vikiwa vile ambavyo haki zake zimekwisha nchini Marekani. Baadhi ya vitabu vyake husomwa na mtu mmoja na vingine hugawanywa sura kwa sura miongoni mwa wasomaji wengi. Chagua cha msomaji mmoja. Kubadilika kwa sauti katikati ya kisa huvunja utulivu, na tena humfanya msikilizaji adhani ameingia mhusika mpya.

Nisisahau kusema kwamba ndoa kati ya upelelezi na kitabu cha kusikiliza si jambo la juzi. Huduma ya vitabu vya sauti kwa vipofu ilipoanzishwa Uingereza mwezi wa Novemba mwaka 1935, ikiwalenga hasa askari waliopoteza macho katika Vita Vikuu vya Kwanza, miongoni mwa vitabu vya kwanza kutolewa ilikuwamo riwaya ya upelelezi ya Agatha Christie, The Murder of Roger Ackroyd, iliyorekodiwa kwenye sahani za santuri ambazo kila upande ulichukua takriban dakika 25. Msikilizaji aliinuka kugeuza sahani, na nadhani kule kuinuka kulimpa nafasi ya kufikiri ambayo sisi tumeipoteza.

Hatua ya nne: Pakua mapema

Faili la sauti la kilobiti 64 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 29 kwa kila saa, hivyo riwaya ya saa nane itakula kiasi cha megabaiti 230 za bando lako. La kilobiti 128 litakula mara mbili ya hizo, na kwa sauti ya mtu mmoja anayesoma, sikio halitaona tofauti kubwa. Chukua la 64. Pakua kitabu chote ukiwa barazani au juu ya dari, mahali ambapo mtandao unashika, kwa sababu ndani ya nyumba ya mawe kuta nene za matumbawe na chokaa hudhoofisha mawimbi ya simu, na hakuna kero kama kitabu kukatika wakati shahidi anafungua kinywa. Chaji simu wakati umeme upo.

Hatua ya tano: Iweke simu mahali panapoifaa

Kuta hizohizo zinazozuia mtandao hukulipa kwa kuzuia kelele za nje. Vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Basi ukiweka simu mwisho wa chumba, aliye mwisho wa pili hapati kitu. Iweke katikati ya ukuta mrefu. Kama nyumba ina zidaka, weka simu ndani ya kidaka kimojawapo, kioo kikitazama nje, na utaona sauti inasukumwa mbele badala ya kupotelea kando. Chumba kikiwa kitupu na kinarudisha mwangwi, tandika mkeka na utundike shuka upande wa pili.

Anayetumia hedifoni azingatie kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki; ukiona inakubidi uongeze sauti ili kumshinda punda anayelia uchochoroni, ni afadhali usimamishe kitabu mpaka punda amalize. Adhana ikiadhiniwa, simamisha vilevile.

Hatua ya sita: Sikiliza sura za mwanzo mara mbili

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayowapoteza. Mwaka 1929 Ronald Knox, kasisi wa Kiingereza aliyekuwa pia mwandishi wa riwaya za upelelezi, aliweka amri kumi za fani hii. Ya kwanza yadai kwamba mhalifu awe mtu aliyetajwa mapema katika kisa, na nyingine yamkataza mpelelezi kuona kidokezo bila kumwonyesha msomaji papo hapo. Mwaka uliofuata waandishi wenzake wa London waliunda chama chao, Detection Club, wakala kiapo cha kutowahadaa wasomaji kwa miujiza wala sadfa. Maana yake kwa msikilizaji ni nyepesi na ya manufaa makubwa: yule unayemtafuta amekwisha kupita mbele yako katika sura za mwanzo, pengine akiwa amebeba sinia la chai.

Anayesoma karatasi hurudi nyuma kurasa kumi akimtafuta, ilhali anayesikiliza hawezi kwa urahisi. Kwa hiyo sura mbili au tatu za kwanza zisikilize mfululizo, kisha zirudie zote siku inayofuata kabla ya kuendelea. Katika kuzirudia, usijitese kukariri majina ya kigeni. Mpe kila mhusika cheo cha nasaba au cha kazi: mpwa wa marehemu, mke wa pili, mfamasia, mtunza bustani, mgeni aliyetoka safarini. Sisi ni watu wa nasaba, na mtu ambaye hawezi kukumbuka majina matatu ya Kiingereza hukumbuka bila taabu kwamba mpwa alikuwa akimdai mjomba wake. Andika orodha hiyo kwenye kipande cha karatasi na ukibandike karibu na mahali unapofanyia kazi, halafu mbele ya kila mmoja uandike alidai alikuwa wapi usiku ule. Usiandike zaidi ya hapo, kwani ukizidisha utakuwa karani.

Kuhusu kuharakisha sauti, ninajua kuna programu zinazokuwezesha kusikiliza kwa kasi ya mara moja na nusu. Habari isikilize hivyo ukitaka. Hadithi ya namna hii ukiikimbiza, kimya kifupi ambacho msomaji aliacha baada ya swali la mpelelezi hupotea, na kimya hicho huwa ndicho jibu.

Hatua ya saba: Mkisikiliza wengi

Kundi la watu wanne au watano linatosha. Wekeni masharti mawili. La kwanza, aliyekwisha kusikia kitabu hicho hasemi neno wala hakohoi kwa makusudi. La pili, mwisho wa kila sura simu husimamishwa, na kila mmoja, akianza mkubwa, hutaja anayemshuku pamoja na sababu yake moja. Katika baraza letu yupo shangazi ambaye humshuku daktari katika kila kitabu, hata kitabu kisicho na daktari, naye husema, “Ngojani tu, wanangu, atakuja.”

Ikiwa wenzako hawajui Kiingereza, msilazimishe kusikiliza tafsiri inayonong'onwa, kwani inachosha wote. Mteueni mwenye sauti nzuri awasomee kwa Kiswahili. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa mwaka 1960, na Bwana Msa wake mwenye kiko, pamoja na rafiki yake Najum, husomeka kwa sauti kana kwamba waliandikiwa baraza. Msomaji apokezwe kila baada ya sura moja, na asishone anaposoma.

Hatua ya nane: Kitandani

Weka kipima muda cha dakika 20 ili sauti izimike yenyewe, na usisikilize kitandani kitabu kipya, kwa maana utalala kabla ya kidokezo na kuamka baada yake. Kitabu cha kulalia ni kile ulichokwisha kukimaliza. Wengi hudhani kwamba siri ikijulikana raha imekwisha, lakini mimi huona usikilizaji wa pili kuwa mtamu zaidi, kwa sababu sasa unamjua mwenye hatia tangu anapoingia na sinia la chai, na unasikia jinsi anavyojibu kila swali kwa maneno ya kweli ambayo hayasemi kitu. Ukifika hapo, anza na sura ambayo wewe binafsi ulimshuku mtu mwingine, uisikilize kuanzia mwanzo, na utafute ni sentensi ipi iliyokupeleka kwake.