Namna ya kuwatembeza wanafunzi Hoteli ya Norfolk, Nairobi

Anzia nje. Hilo ndilo ninalomwambia kwanza mwalimu yeyote anayeniuliza jinsi ya kuwapeleka wanafunzi Norfolk. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nikiliingiza darasa zima moja kwa moja uani, nawasimulia habari za wawindaji na mabwana wa Kizungu, tunapiga picha, tunarudi shuleni. Siku moja dereva wa basi letu, mzee wa Murang'a, alingoja watoto wapande wote, kisha akaniuliza taratibu: "Mwalimu, umewaonyesha alipoangukia Muthoni?" Sikuwa nimewaonyesha. Tangu siku hiyo niliigeuza ziara yangu kichwa chini, miguu juu.

Kusanyikeni Jeevanjee Gardens saa tatu asubuhi, watu wakishaingia kazini na njia za miguu zikapungua msongamano. Bustani yenyewe ina hadithi yake, kwa kuwa A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara Mhindi, aliutolea mji mwaka 1906, lakini hapo usikawie. Kazi ya kituo hiki ni kuwatia watoto miaka kichwani. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi, 1904. Waache watoe wenyewe: miaka mitano tu. Mji haujapata hata barabara za kueleweka, tayari una hoteli ya kifahari. Waulize ilijengewa nani.

Jibu liko kwenye ardhi, na hapa ndipo ninapotumia muda. Wageni wengi wa mwanzo walikuwa walowezi waliotoka Uingereza na Afrika Kusini, waliolala hotelini wakingoja kugawiwa mashamba. Wenye vyeo vya ukoo walikuwa wengi kiasi kwamba hoteli ikabandikwa jina la Bunge la Malodi, yaani House of Lords, baraza la mabwana wa Uingereza. Mmojawapo, Lord Delamere, alipewa ekari 100,000 kule Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Usiitaje namba hiyo ukapita. Mtoto wa mjini hajui ekari. Mwambie uwanja wa mpira ni kama ekari moja na nusu hadi mbili, kisha mpe kalamu apige hesabu ni viwanja vingapi. Mimi hutembea na daftari la karatasi kubwa kwa ajili ya dakika hii peke yake. Wakishaandika jibu, hunyamaza, na ukimya huo ndio unaowafungulia yatakayofuata.

Sasa vukeni University Way kwa pamoja, mwalimu mmoja mbele na mwingine nyuma, mwelekee kona ya Central Police Station. Simu zote ziwe mfukoni kabla ya kufika, maana kituo cha polisi hakipigwi picha. Simameni pembeni, msizibe njia.

Hapa simulia polepole. Harry Thuku alikuwa karani wa simu katika ofisi ya hazina ya serikali. Mwaka 1921 alianzisha chama cha East African Association kupinga kipande (kitambulisho ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kutembea nacho), kodi iliyopandishwa, mishahara iliyotaka kukatwa, na wanawake na wasichana kulazimishwa kufanya kazi mashambani mwa walowezi. Jambo hili la mwisho usiliruke, kwani ndilo linaloeleza kwa nini wanawake walijitokeza. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye maelfu ya watu walikuwa wamejaa hapa wakidai aachiliwe.

Wazee waliotumwa kuzungumza na serikali walirudi wakiwaomba watu watawanyike. Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyekuwa katika umati, yule Muthoni wa dereva wetu, akakataa. Akainua nguo yake, akawaambia wanaume waichukue wao, nao wampe yeye suruali zao. Watoto watacheka. Usiwakaripie. Ngoja kicheko kiishe, kisha waeleze kwamba kwa Wagĩkũyũ mwanamke mzima kujifunua vile mbele ya wanaume ni laana nzito, si mzaha, na kwamba wanawake wenzake walipaza vigelegele wakasonga mbele kuelekea bunduki. Polisi wakafyatua. Muthoni alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilitaja waliokufa 21, wanne wakiwa wanawake. Waafrika waliokuwepo walihesabu zaidi ya hapo. Masimulizi ya walioshuhudia yanasema pia kwamba Wazungu waliokuwa wameketi kwenye varanda ya Norfolk nao walifyatua risasi.

Ukishasema hivyo, usiongeze neno. Tembeeni. Ni dakika chache tu hadi hotelini, na katika dakika hizo kila mtoto atakuwa anapima umbali kwa macho. Waonyeshe kibao cha barabara njiani: Harry Thuku Road. Hoteli ile leo anwani yake ni jina la mfungwa yule.

Mkabala na lango kuna Kenya National Theatre, iliyofunguliwa 1952, mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari kupambana na Mau Mau. Tajeni tu, msonge.

Langoni patakuwa na ukaguzi, kwa hiyo pigeni simu wiki moja kabla mweleze idadi yenu. Ndani, sasa, wape zile habari nyingine, nazo ni za kweli na zinastahili kusikika. Theodore Roosevelt alikuja kuwinda mwaka 1909, ametoka urais wa Marekani karibuni. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Abraham Block, Myahudi mzaliwa wa Lithuania aliyefika nchini kijana mwaka 1903, aliinunua hoteli mwaka 1927. Na usiku wa tarehe 31 Desemba 1980, watu wakisubiri mwaka mpya, bomu lilibomoa upande wa ukumbi wa chakula na kuua watu wapatao ishirini. Wengi walilihusisha na Kenya kuziruhusu ndege za Israeli kujaza mafuta Nairobi mwaka 1976, wakati wanajeshi wa Israeli walipowaokoa mateka katika uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda. Kwa habari hii mimi hushusha sauti: waliokufa ni wageni na wahudumu, na huenda miongoni mwa wanafunzi wako yupo mwenye ndugu aliyeguswa.

Mkiwa na akiba, agizeni chai mkae varandani. Bei si ya kibanda, kwa hiyo changisheni mapema. Nimewahi kupunguza kituo kizima cha ziara ili chai ipatikane. Wapange watoto viti vyao vielekee nje. Kisha waache watazame barabara kutoka pale.