Kisukari na damu inayoganda tena mguuni: fanya hivi

Mimi ni fundi cherehani, futi haiko mbali. Kila asubuhi napima mashavu ya miguu yote miwili, sentimita 10 chini ya goti. Mmoja ukimzidi mwenzake kwa sentimita 3, au ukivimba ghafla, ukiwa wa moto au kuuma, usiukande wala kuuchua: hospitali siku hiyo hiyo. Pumzi ikikata ghafla au kifua kikibana, hiyo ni dharura, usingoje hata kidogo.

Sukari ikikaa juu muda mrefu huumiza kuta za mishipa, na damu huganda kirahisi zaidi. Kwa hiyo kumeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huku unashushia wali kwa soda ni kujidanganya. Omba kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3, na cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kila unapopangiwa. INR yangu daktari anaitaka kati ya 2 na 3.

Mchicha na kisamvu usiache, ila usile sahani kubwa leo kisha wiki nzima hakuna: mboga hizo hupunguza nguvu ya warfarini, dozi itayumba. Diklofenaki ya maumivu, ambayo kila jirani anayo kwenye pochi, kataa: pamoja na warfarini inaweza kukutoa damu tumboni.

Kazi za kukaa? Kila saa nyanyuka, tembea hadi barabarani, urudi.